Kalenda ya Mombasa Haifuturishi Nakuru

(Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya vijana na wazazi katika futari ya pamoja hapa Nakuru. Wahariri wameniomba niiandike kwa ajili ya jarida. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, ili wewe msomaji uisome kana kwamba umeketi nasi mkekani.)



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazazi wangu, ndugu zangu, na wewe msomaji. Nilipopewa mada ya "Kijana Mwislamu na Kuhama" najua wengi mlitarajia habari za Dubai, Doha au London. Huko sijafika. Mimi nimehama mara moja tu maishani mwangu, kutoka Mombasa mpaka Lanet, safari ya usiku mmoja kwa basi. Lakini wallahi usiku ule mmoja ulinifundisha mambo ambayo miaka yangu ya madrasa ilinieleza na sikuyafahamu. Kwa hivyo nitazungumza juu ya hilo. Anayehama ana lake la kusikia, na mwenyeji anayempokea ana lake.

Mji wenyewe

Mwaka wa 2023 nilipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro. Miezi ile ile shemeji yangu, mume wa dadangu, akapata barua ya uhamisho kuja Lanet. Shemeji ni mwanajeshi. Dada akafunga mizigo, akachukua watoto wake watatu, akamfuata. Wakapanga nyumba nje ya kambi, kwenye ploti moja na familia nyingine za wanajeshi. Nami nikaambiwa, "Usikae hosteli, kaa na dadako." Basi nikawa wa matatu mbili kila asubuhi, maana Lanet iko upande wa Nairobi na Njoro iko upande wa pili wa mji.

Mama alikataa kwanza. Si kwa sababu ya baridi, ingawa baridi aliitaja. Alisema, "Mwanangu, utakwenda kukaa mlangoni mwa jeshi na kofia yako na kanzu yako?" Msimlaumu. Sisi tuliokulia Pwani twajua majina ya vijana waliochukuliwa usiku wasirudi, na mashirika ya haki za binadamu yameyaandika mambo hayo miaka na miaka. Mama akiona gari la kijani roho yake inaruka. Hofu yake ilikuwa na mzizi, na mimi sikuja hapa kuwaambia kwamba hofu za mama zetu ni ujinga.

Sasa, kwa wasomaji wa mbali, Nakuru ni mji wa nyanda za juu. Katikati ya mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari, Menengai iko juu yake kwa mita 2,278, na Njoro ninakosoma kumepanda kupita mita 2,000. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 ni jiji, la nne Kenya. Na ni mji wa wanajeshi. Lanet kuna kambi na kuna chuo cha kijeshi ambako maofisa wanafunzwa, na Rais mwenyewe huja kuwatunuku vyeo. Ukielekea Nairobi unapita Gilgil, nako kuna kambi. Alfajiri ya kwanza nikiwa Lanet niliamka kwa daku ya sunna, nikasikia sauti za watu wanaokimbia wakiimba kwa pamoja, miguu inapiga chini kama ngoma. Mpwa wangu mdogo akauliza, "Mjomba, ni maulidi?"

Kosa la siku ya kwanza

Ramadhan ya mwaka wa 2024 ilianza tarehe 12 Machi. Shemeji hakuwepo. Majuma machache kabla yake aliondoka na kikosi kwenda Somalia. Kwa hivyo mwanamume wa nyumba nikawa mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, asiyejua hata duka la nyama ya halali liko wapi.

Lakini nilikuwa na kalenda ya Ramadhan! Nilikuja nayo kutoka Mombasa, yenye picha ya msikiti na nyakati zote za swala, nikaibandika ukutani jikoni. Siku ya kwanza jioni tumekaa, tende mbele yetu, uji unafuka. Nikatazama kalenda, nikatazama saa, nikasema, "Bismillahi, tufuturu." Tukafuturu. Dakika zinapita, nasikia kimya. Hakuna adhana. Nikatoka nje. Jua lile pale, limekaa juu ya mlima, halina haraka na mtu.

Jamani, nilisoma jiografia mpaka kidato cha nne! Mombasa iko mashariki ya Nakuru kwa zaidi ya digrii tatu na nusu, na kila digrii moja ni dakika nne za jua. Maana yake magharibi ya Nakuru inachelewa kwa karibu robo saa. Nilikuwa nimewafuturisha dada na mpwa wangu mkubwa mchana kweupe. Kesho yake nilimuuliza ustadhi wa madrasa ya karibu. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Mtailipa siku hiyo baada ya Idi. Na hiyo kalenda ing'oe."

Nimeanza na kichekesho hiki kwa sababu ndani yake kuna jambo. Mtu anayehama huja na kalenda ya kwao kichwani. Anajua kwao watu husalimiana vipi, hofu iko wapi, nani rafiki na nani wa kuepukwa. Anaibandika ukutani, anaishi kwa saa ya mji aliouacha, halafu anashangaa mbona adhana haisikiki.

Maneno mawili

Juma la kwanza dada alikwenda tarawehe na watoto, katika msikiti mmoja sitautaja. Mwanamke mmoja akamuuliza, kwa wema kabisa, "Mume wako afanya kazi gani?" Dada akasema. "Yuko wapi sasa?" Dada akasema. Yule mama akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe yuko huko awapiga ndugu zetu." Hakupaza sauti. Lakini usiku wa pili dada aliona nafasi ubavuni mwake haijai haraka. Usiku wa tatu hakwenda.

Jioni ya siku iyo hiyo ya tatu, mpwa wangu wa miaka saba aliingia ndani analia. Walikuwa wakicheza mpira kwenye ploti. Mtoto mwenziwe, mtoto wa mwanajeshi kama yeye, alimwambia, "Nyinyi Waislamu ndio mnawaua baba zetu."

Hebu yaweke maneno haya mawili pamoja, ndugu yangu. Msikitini, baba yake ni muuaji wa Waislamu. Kwenye ploti, Waislamu ni wauaji wa baba yake. Na baba mwenyewe ni mmoja tu, ni Mwislamu, amevaa buti, yuko mbali, na huenda saa ile alikuwa anatafuta maji ya kutawadha.

Usiku ule dada alitoa masanduku chini ya kitanda. Akaniambia, "Mimi narudi kwa mama. Wewe nenda hosteli."

Najua kuna kijana hapa anataka kuniuliza: kwani vita vile ni vya haki? Nitakujibu kadiri ninavyojua. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Wako Waislamu wanaoona halikufaa kuvuka mpaka, na wako wanaoona lilichelewa, na mtu ana haki ya kuzungumza hayo kwa adabu na kwa hoja. Mimi si mufti. Ninachokijua ni kwamba watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wakichaguliwa kwa dini yao, na mimi ni mwanafunzi, siwezi kulisahau hilo. Nikijua pia kwamba bomu la Mogadishu la tarehe 14 Oktoba 2017 liliua watu zaidi ya 500, na wale walikuwa Waislamu, wauza duka na abiria. Wanajeshi wetu nao walikufa wengi El Adde tarehe 15 Januari 2016, na wake zao na watoto wao walikuwa wakikaa miji kama huu wetu.

Lakini tukibishana mpaka daku, mtoto wa miaka saba haingii katika hoja hiyo. Mke aliyekuja kuswali hakutia saini amri ya vita. Amekuja kutafuta nafasi katika safu.

Waliotutangulia

Ndugu zangu, tukidhani mambo ya askari na Uislamu katika bonde hili yameanza jana, tutakuwa hatujajijua. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilikuwa ikipita Naivasha na kufika Baringo kabla ya reli. Na baada yao wakaja Wanubi.

Mwaka wa 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki karibu na Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza Uganda. Walikuwa Waislamu, na walitembea na wake zao, watoto wao na jamaa zao. Wakati ule upande wetu huu wa Bonde la Ufa ulihesabiwa ni Uganda, mpaka mwaka wa 1902. Mwaka wa 1897 baadhi ya askari hao walikusanywa Eldama Ravine, hapo juu tu, wapelekwe safari ndefu nyingine chini ya Meja Macdonald. Wakakataa. Malalamiko yao yaliandikwa: wametembezwa bila kupumzika, mshahara ni mdogo na wachelewa, na wanatenganishwa na familia zao. Wakaasi Septemba mwaka huo, wakaelekea Busoga, na damu nyingi ikamwagika. Wenzao wengine walibaki katika utumishi, wakaja kuwa sehemu ya King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka wa 1902, ambacho wazee wetu wanakiita Keya. Vizazi vyao wako Kibera, wako Eldama Ravine, na wengine tunaswali nao hapa.

Lanet yenyewe nayo ina historia yake. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, mwezi mmoja na siku kadhaa tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waligoma kambini pale. Walinung'unikia mishahara, na kwamba maofisa bado ni Waingereza. Siku chache kabla yake wenzao wa Tanganyika walikuwa wamegoma, na wa Jinja, Uganda, wakafuata. Serikali ikawaita askari wa Kiingereza kuwazima.

Sisifu uasi, na anayeshika silaha dhidi ya amri anajua hesabu yake. Nawaeleza ili muone kwamba buti lina mtu ndani yake. Anachoka, anadai, anakumbuka mke na watoto.

Na dini yetu ilimwona mtu huyo zamani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke ndani ya nyumba analalamikia upweke, mumewe yuko jeshini. Hakumgombeza. Alikwenda kumuuliza binti yake Hafsa, Mama wa Waumini, mwanamke anaweza kustahamili muda gani bila mumewe. Kisha akaweka kiwango cha miezi ambayo askari asizidishe mbali na nyumbani. Wapokezi wengine wanasema minne, wengine sita. Amiri wa Waumini alisimama nje ya mlango wa mke wa askari na akasikiliza. Sisi tulimsogea mbali katika safu.

Aliyebisha hodi

Nilimsimulia ustadhi, yule wa kalenda. Sijui alimwambia nani. Siku ya pili, baada ya alasiri, matatu ikamshusha bibi mmoja wa Bondeni, mtaa wetu wa zamani hapa mjini. Ameshika bakuli la kaimati limefungwa kwa kitambaa. Akabisha, "Hodi! Ni hapa kwa mke wa askari?"

Dada alisita. Bibi akaingia, akavua viatu, akaona masanduku, hakuyauliza. Akasema, "Mwanangu, mimi nilizaliwa mwaka wa 1944, baba yangu akiwa Burma na Keya. Aliniona nishaanza kutembea. Mama yangu hakuwa na wa kumfutarisha ila majirani. Leo niko kwako."

Basi. Hakutoa mawaidha mengine. Alikaa, tukafuturu kwa saa ya Nakuru alhamdulillah, akala mbaazi za dada akazisifu, kisha akasema, "Vaa buibui twende." Usiku ule alimpeleka dada msikitini kwa mkono, akamweka ubavuni mwake katika safu ya mbele, na mpwa wangu wa kike katikati yao. Nani angemsogea mbali yule bibi?

Alipokuwa anaondoka alinong'ona na dada jambo moja: "Na sahani ya jirani umeipeleka?" Dada akamwambia yale aliyoambiwa mtoto kwenye ploti. Bibi akasema, "Ndiyo nakuuliza sahani." Mnajua nyote jinsi Jibrili alivyomuusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani jirani atarithishwa. Haikusemwa jirani Mwislamu peke yake.

Kesho yake dada alipeleka kaimati nyumba ya pili. Mama wa yule mtoto alifungua mlango, macho mekundu. Mumewe alikuwa kikosi kimoja na shemeji, na alikuwa hajapata simu siku nne. Dada pia siku nne. Wanawake wawili, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akiangalia simu yake peke yake! Walikaa pale mlangoni mpaka karibu na magharibi. Yule mtoto aliyesema maneno yale alikuja kufuturu kwetu siku iliyofuata, akala kaimati saba. Nilizihesabu, maana nilikuwa nazitazamia mimi.

Masanduku yalirudi chini ya kitanda. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Yule mama wa msikitini hajaomba radhi mpaka leo. Siku hizi anamsalimia dada, na dada anaitikia, na pengine kwa wanadamu hilo si dogo.

Nasaha kwa anayehama

Kwa wewe unayehamia mji kama huu, kwa masomo, kazi au uhamisho wa mume, nina machache ya kukuusia.

Ng'oa kalenda. Juma la kwanza tafuta ratiba ya mji ulioko, tafuta msikiti, jitambulishe kwa imamu na useme unakaa wapi. Usingoje upate shida ndipo ujulikane.

Waandikishe watoto madrasa mapema, hata kama unasema "sisi ni wa kupita". Miaka miwili ya kupita ni juzuu ngapi?

Kama unakaa karibu na kambi, ishi kwa uwazi. Tembea na kitambulisho. Usipige picha kambi, ua wake wala magari yake. Ni sehemu zinazolindwa kwa sheria, na simu yako haijui kwamba wewe ulitaka picha ya jua tu. Ukisimamishwa, jibu kwa adabu na kwa ukweli. Ukidhulumiwa, una haki, na haki hudaiwa kwa njia zake, ukiwa na wazee wa msikiti na watu wa sheria. Usiifiche kofia yako wala usiifanye bendera ya ugomvi. Mimi nimepita kwenye lango la kambi na kanzu Ijumaa nyingi, na mara nyingi zaidi ninaulizwa "Leo Ijumaa, eh?" kuliko jambo jingine.

Na ukiumwa na ukiwa na kwenu, usione haya. Wahajiri walipofika Madina waliugua homa. Sayyidna Abubakar na Bilal (r.a.) walilala wagonjwa, na Bilal akawa anaikumbuka Makka, mabonde yake na majani yake, ile ile Makka iliyomtesa! Mtume (s.a.w.) hakuwakemea. Aliomba dua kwamba Mwenyezi Mungu aipendezeshe Madina kwao kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Basi nawe iombee Nakuru dua hiyo. Maji ya udhu ya alfajiri hapa ni barafu, mimi nimekuja na ngozi ya Mombasa, nayajua. Tumefundishwa kwamba kutimiza udhu penye uzito kunafuta makosa. Kwa hesabu hiyo, wanafunzi wa Njoro tutakuwa matajiri.

Nasaha kwa mwenyeji

Na wewe mwenyeji. Mtume (s.a.w.) hakuwaacha Wahajiri wajitafutie. Aliwafungia udugu mmoja mmoja na Ansari. Saad bin Rabii alimwambia Abdurrahman bin Auf yuko tayari kugawana naye mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, akasema amwonyeshe soko liko wapi. Mwenyeji alifungua mkono, na mgeni hakuufanya mkono ule kuwa mto wa kulalia.

Sisi hatuombwi nusu ya mali. Tunaombwa tumwonyeshe mtu soko, duka la nyama, daktari, madrasa. Vijana wa jumuiya yetu, Ramadhan hii tugawane mitaa: Lanet, Bondeni, mjini, Njoro, mpaka Gilgil. Kila mmoja amtafute mgeni mmoja, nyumba moja ambayo baba yake hayupo. Usiulize kwanza mume wake yafanya kazi gani. Uliza wamefuturu na nini.

Barua nyingine

Namalizia. Shemeji alirudi salama, alhamdulillah. Alikonda, na siku za mwanzo akilala anaamka kwa kila mlango unaofungwa. Hatukumuuliza mengi. Watoto wamemzoea tena. Dada ana kikundi cha wanawake wa ploti cha kuweka akiba, Waislamu na Wakristo, na mwekahazina ni mama wa yule mla kaimati.

Na kabla ya Ramadhan hii, barua nyingine imekuja. Uhamisho. Safari hii ni Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, mji mwingine wa baridi na wa wanajeshi: kuna kambi ya jeshi la anga, na wako hata Waingereza wanaokuja kufanya mazoezi. Mimi nitabaki Nakuru nimalize shahada, safari hii hosteli kweli. Dada ameshaanza kufunga sahani kwa magazeti.

Juzi alinipigia simu akiwa anang'oa vitu ukutani. Akaniuliza, "Hii kalenda ya Nakuru niende nayo?" Nikamwambia aiache. Nanyuki iko mashariki yetu kwa kama digrii moja, jua lao linazama kama dakika nne kabla ya letu, na wakifuata ya kwetu watachelewesha futari bure.

Akacheka. Kisha akauliza, "Na huko nani atabisha hodi?"

Sikuwa na jibu. Kwa hivyo naliuliza hapa, na naliuliza katika jarida hili, kwa kuwa najua linafika mbali: ndugu zetu wa Nanyuki, mko? Anakuja dada mmoja na watoto watatu. Mbaazi zake ni nzuri.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na swala zetu, awalinde walio mbali na watu wao, awarudishe salama, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaobisha hodi na wanaofungua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.